Mama Roja na Bendera ya Rudio

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Alhamisi. Mama Roja alikunywa chai amesimama. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili bado.

"Keti unywe," mumewe alimwambia.

"Chai haiulizi kama nimeketi."

Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliitoa kwenye mkoba, akaisoma, akairudisha. Akaitoa tena. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi kutafuta kiatu cha pili, na kiatu kilikuwa mkononi mwake.

"Sikiliza hii," alisema. "'Ujumbe wenye bendera ya rudio usishughulikiwe tena.' Umeelewaje?"

"Nimeelewa kwamba wasiufanye."

"Umeona? Umeona sasa?" Alipandisha sauti kana kwamba mumewe ndiye aliyeiandika. "Wewe umeelewa hivyo, na mashine zao zimeelewa hivyohivyo. Na Jumatatu wanaipiga muhuri!"

Mumewe ni fundi viatu. Kibanda chake ni baraza ya nyumba yao: meza fupi, stuli moja ya mteja, chuma chenye umbo la mguu, na kopo la misumari midogo. Anapopigilia soli hutia misumari mdomoni, akaichomoa mmoja mmoja. Mkewe hakuipenda tabia hiyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa akisema, "Siku ukipiga chafya utatoboa ukuta."

Asubuhi ile fundi alikwenda kwenye meza yake, akaanza kazi. Mama Roja akatoka. Alipofika getini aligeuka.

"Jioni utakuja ofisini? Saa kumi na moja! Nataka Mkuu akusikie!"

Fundi alikuwa na misumari mitano mdomoni. "Mm," akajibu. Nyundo ikashuka.

Mkewe alisimama palepale. "We fundi! Utakuja?"

Fundi aliona ameshajibu. Hakuinua kichwa. Akasikia geti limefungwa, na viatu vya mkewe vikienda haraka barabarani. Soli zile alizishona mwenyewe, angezijua popote.

Asubuhi ilikuwa hiyo tu.

Mama Roja hakuzaliwa na redio. Baba yake alikuwa fundi baiskeli mwenye watoto wengi na spana chache. Shule aliiacha darasa la saba. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kufagia kwenye ghala la dawa, lile kubwa linalopeleka dawa na mitungi ya oksijeni kwenye zahanati za mbali. Ndani ya ghala kulikuwa na chumba cha redio. Hicho alikifagia mwisho, polepole, kona moja mara tatu, ili asikilize.

Mwenye redio alikuwa mzee mmoja aliyesumbuliwa na meno. Siku moja alikwenda kung'oa jino, akachelewa. Redio ikaita. Ikaita tena. Binti akaweka ufagio chini, akabonyeza.

"Nani mwenzangu hapo?" nesi wa upande wa pili aliuliza.

"Mwenye ufagio. Sema."

Nesi alicheka, halafu akasema shida yake. Binti akaandika kila neno, akamsomea tena lote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema "Roja", neno la redioni la kusema ujumbe umepokewa, kwa sauti iliyowafanya wapakiaji uwanjani waache mizigo na kugeuka. Jina likamganda. Alipozaa likawa Mama Roja, na mtaani wapo ambao hawakujua kama ana jingine.

Alikaa kwenye redio ile miaka thelathini na moja.

Fundi alimpata kwa sababu ya kiatu. Alikuja na kimoja tu, kisigino kikining'inia.

"Cha pili kiko wapi?" fundi aliuliza.

"Cha pili ni kizima. Nikilete kije kufanya nini, kumtazama mwenzake?"

Akasema atarudi saa nane. Saa nane kamili alikuwa amesimama mbele ya meza, mguu mmoja juu ya mwingine. Fundi hakuwa amemaliza. Alipewa maneno siku hiyo! Mwaka uliofuata walioana.

Redioni kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ndio kiini cha mambo yote haya. Kila ujumbe ulikuwa na namba. Nesi akituma ombi namba arobaini, Mama Roja anaiandika daftarini na kujibu. Nesi asiposikia jibu, anaita tena. Anaanza kwa kusema "rudio", na namba anataja ileile, arobaini. Hapo Mama Roja anafungua daftari. Akiikuta arobaini, hatumi dawa mara ya pili, anamwambia nesi lile jibu lake la kwanza. Asipoikuta, basi ujumbe wa kwanza ulipotea hewani, na huu anaupokea kama mpya. Hakuna aliyeyaandika hayo popote. Yalikuwa kichwani mwake, na vichwani mwa manesi kumi na wanane wa zahanati kumi na nane.

Na nyumbani ilikuwa vilevile.

"Umepata?" aliuliza akishasema jambo.

"Nimepata."

"Nimepata" maana yake nimesikia. Haina maana nimefanya. Fundi ilimchukua miaka miwili kuijua tofauti, na sufuria kadhaa. Aliambiwa, "Epua sufuria," akajibu, "Nimepata," akaendelea kushona. Mkewe alitoka na ile sufuria nyeusi tii.

"Umepata nini sasa? Moshi?"

Binti yao alipokuwa na miaka minne aliomba maji mezani. Hakuna aliyemsikia. Akagonga meza na kijiko: "Rudio! Maji!" Mama yake alicheka mpaka akatoka nje.

Alikuwa pia na neno moja la kumwambia mumewe kila aliponyamaziwa. Alilisema miaka thelathini na minne. Fundi alilisikia kama mtu anavyosikia saa ya ukutani.

Miaka mitano kabla ya Alhamisi ile, redio ilizimwa. Zikaja mashine. Ghala likawa na mashine yake, na kila zahanati yake, zinazungumza zenyewe. Akaja pia Injinia wa kuzipanga, mwanamke wa makamo, mpole, mwepesi wa kuandika na mgumu wa kufuta. Mama Roja alibakizwa aketi mbele ya skrini aangalie ujumbe unavyopita, kwa kuwa alizijua zahanati zote kuliko ramani.

Jioni alimweleza mumewe. Juu ya kila ujumbe kuna alama nne. Kila alama ama imepanda ama imeshuka. Ya kwanza inasema hili ni ombi, si jibu. Ya pili inasema kituo kingine kinaruhusiwa kuupitisha ujumbe huu mbele. Ya tatu inasema kuna kosa. Ya nne ni rudio.

"Injinia anaziita bendera," alisema.

"Bendera!" fundi alicheka. "Na wimbo mnaimba?"

"Tunasimama wima kabisa."

Injinia alikuwa anaandika mwongozo. Kurasa arobaini, zinazoeleza mashine ifanye nini ikiona bendera hii, ifanye nini ikiona ile. Watengeneza mashine wanafuata kilichoandikwa, hawaongezi wala hawapunguzi. Mashine haikisii. Mwongozo ulikuwa bado wa majaribio. Ukipigwa muhuri, utakwenda kwenye zahanati sitini, hizi kumi na nane na nyingine mpya, na baada ya hapo kubadilisha neno moja ni kazi ya mwaka.

Msimu wa mvua kubwa, zahanati moja nyuma ya milima iliomba mitungi sita ya oksijeni. Ombi lilipotea njiani. Mashine ya kule ilisubiri jibu, haikupata, ikatuma tena, bendera ya rudio juu, kama ilivyofundishwa. Mashine ya ghala ikaiona bendera. Mwongozo ulisema ujumbe wenye bendera ya rudio usishughulikiwe tena. Ikauweka kando. Kule wakatuma tena. Huku ukawekwa kando tena. Siku mbili hivyo. Siku ya tatu nesi alipanda kilimani kutafuta mtandao wa simu, akampigia Mama Roja, sauti imekauka.

"Mama, mmetuchoka?"

Hakufa mtu. Zahanati ya jirani ilikuwa na mitungi miwili, ikabebwa begani kwenye matope. Ilibaki kidogo sana.

Tangu siku ile Mama Roja hakutulia. Alianza kula amesimama. Alifagia pasipo na uchafu. Alikuwa akianza sentensi jikoni, akaimalizia uwani, na fundi inabidi amfuate ili asikie mwisho wake.

"Mitungi sita!" alisema. "Maombi yote yametupwa, na mashine inajiona imefanya kazi nzuri. Rudio halisemi 'nimeshafanywa'. Linasema 'sijajibiwa'. Pengine nilifika, pengine sikufika. Ni pengine tu! Wao wameligeuza kuwa hakika."

Alikwenda kwa Mkuu wa ghala. Akirudi alimwigiza, tumbo mbele, mikono nyuma.

"'Mama, ile ilikuwa mvua.' Nikamwambia, mvua itanyesha tena, Mkuu. 'Mama, mwongozo una kurasa arobaini, wewe umeng'ang'ania mstari mmoja.' Nikamwambia na kiatu kina ngozi yote hiyo, lakini ukikanyaga msumari mmoja hutembei. Hapo nimekutaja wewe."

"Akasemaje?"

"Akasema Jumatatu saa tatu muhuri."

Kwa Injinia kulikuwa na afadhali, lakini kidogo. Injinia alisema sentensi iko wazi. Neno "tena" linaonyesha kwamba ujumbe uliwahi kufika. Mwenye akili ataelewa.

"Mwenye akili!" Mama Roja alimwambia fundi. "Mimi nampelekea mashine, yeye ananiletea mwenye akili."

Kilichomsaidia kilitoka barazani. Fundi akimaliza kushona kiatu hukichora msalaba wa chaki kwenye soli, akakiweka kwenye rafu ya vilivyokwisha. Wiki ileile mwalimu mmoja mrefu alirudisha kiatu chake. Kilikuwa kimeshonwa kisigino wiki mbili nyuma, sasa kimefumuka mbele. Msalaba wa zamani ulikuwa bado uko kwenye soli. Fundi aliuona, akakipandisha kwenye rafu. Mwalimu alikuja jioni, akakivaa, akaondoka na vidole vitatu nje.

Mama Roja alicheka mpaka machozi. Halafu akaacha ghafla.

"Ulitazama nini?"

"Msalaba."

"Kiatu hukukitazama."

"Kina msalaba, nitazame nini?"

Akaenda kuchukua kalamu.

Kuanzia hapo kila jioni aliketi kwenye stuli ya mteja. Hapo peke yake ndipo alipoketi siku zile. Aliandika sentensi mpya, akaisoma, akamwambia mumewe airudie kwa maneno yake. Fundi hakusoma. Herufi anazozijua ni za namba za viatu na jina lake. Mwanzoni aliona anafanyiwa mzaha.

"Kwa nini mimi? Ofisi nzima ina watu."

"Wale wameshasoma, wanajaza wenyewe pasipojazwa. Wewe hujazi. Ukiambiwa unaelewa, usipoambiwa unakodoa macho. Wewe ndiye mashine yangu."

"Asante."

"Usinune. Hakuna mashine niliyoipenda hivyo."

Sentensi nyingi zilikufa barazani pale. Moja ilikuwa ndefu, fundi akasinzia katikati. Nyingine aliirudisha kinyume kabisa, mkewe akaichana. Jumatano jioni alipata moja ambayo fundi aliirudia sawasawa. Ndipo alipowaza amchukue mumewe mpaka ofisini, Mkuu amsikie kwa masikio yake. Mzee ambaye hakusoma akisema inavyosemwa, nani atabisha?

Ndiyo maana aliita getini Alhamisi ile.

Fundi alikwenda. Alioga saa tisa, akavaa shati jeupe, akapiga viatu rangi mara mbili. Njiani alirudia ile sentensi kimyakimya asije akamwaibisha. Saa kumi na moja kasorobo alikuwa kwenye geti la ghala.

Mlinzi aliinuka. "Wewe ndiye mume wa Mama Roja?"

"Ndimi."

"Aliniambia asubuhi, pengine utakuja." Halafu akatazama chini. "Ingia, mzee. Injinia yuko ndani. Ingia tu."

Mama Roja alikuwa ameinamisha kichwa mezani saa nane na nusu, akisema kinamgonga. Walimkimbiza hospitali. Hakufika. Simu ya fundi ilikuwa imeita na kuita juu ya meza ya viatu, naye yuko bafuni anaimba.

Walimzika Jumamosi. Binti yao alikuja na watoto. Majirani walikuja, wakaketi, wakaondoka. Fundi hakuketi. Aliingia chumbani akasahau alichofuata, akatoka, akaingia. Alichukua viatu vyake mwenyewe, vizima, akavifumua soli, akaanza kuvishona upya.

"Baba, pumzika," binti yake alimwambia.

"Napumzika."

"Hiyo ni nyundo, baba."

Misumari hakuitia mdomoni. Aliiweka mezani. Inateleza, inaanguka, anainama kuiokota. Bado hakuitia mdomoni.

Neno lililomzunguka kichwani lilikuwa "pengine". Kama angekuwa amesikia lile "mm", angemwambia mlinzi "atakuja". Alisema pengine. Basi hakusikia. Alikwenda kazini hajajibiwa, akakaa hajajibiwa, mpaka saa nane na nusu.

Jumapili saa kumi Injinia alikuja. Alikuwa na faili kifuani na macho mekundu. Alitafuta pa kuketi, akaketi kwenye stuli ya mteja. Fundi alitaka kumwambia asiketi hapo. 

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kwa jambo la kazi. Naona aibu, lakini muhuri ni kesho saa tatu." Alifungua faili. "Mama aliacha karatasi mezani. Sentensi yake. Nimeichukua, nimeiweka kwenye lugha ya mwongozo. Na chini ameandika hivi: 'Asomewe mume wangu kwanza. Akielewa, ipigwe muhuri. Asipoelewa, bado.' Mkuu amesema sawa, mradi isipite saa tatu. Ikipita, unabaki mstari wa zamani."

"Ule wa kutupa."

"Uleule."

Fundi alifuta mikono. "Soma."

Injinia alisoma polepole. "'Bendera ya rudio ipandishwe pale tu ambapo mtumaji hajapata jibu. Namba ya ujumbe isibadilishwe. Mpokeaji asiamue kwa bendera peke yake, bali atazame daftari lake: namba ikikosekana, ujumbe ushughulikiwe kama mpya, ikipatikana, usishughulikiwe mara ya pili.'" Akainua uso. "Umepata?"

Fundi alishtuka kulisikia neno lile kwa sauti nyingine.

"Nimepata. Mtu ameita, hajajibiwa. Anaita tena, anasema hii ni rudio, namba ileile. Huyu wa huku asitazame msalaba, atazame kiatu. Kama namba haipo daftarini, afanye. Kama ipo, asifanye, mitungi isije ikaenda mara mbili."

Injinia alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hivyohivyo. Hapo pa msalaba sijui, lakini ni hivyohivyo." Alianza kufunga faili.

"Ngoja," fundi alisema. "Akiikuta, asifanye. Halafu anasema nini?"

"Nani?"

"Huyu mwenye daftari."

"Hasemi kitu. Kazi imeshafanyika."

"Ananyamaza."

"Ndiyo."

Fundi aliinuka. Alikwenda mpaka getini, akarudi. "Na yule wa kule? Aliyeita?"

"Mitungi yake iko njiani, mzee."

"Yeye anajua?"

Injinia alitazama karatasi yake. Alichukua kalamu, hakuandika. "Hajui," alisema. "Kama jibu la kwanza ndilo lililopotea, hajui. Ataita tena."

"Na huyu?"

"Atatazama daftari, ataikuta." Sauti yake ilipungua. "Atanyamaza tena."

"Mpaka lini?"



Fundi aliketi. Tangu Alhamisi alikuwa hajaketi hivyo. Akamwambia jambo ambalo hakumwambia hata binti yake.

"Mimi nilimjibu. Aliniita pale getini, utakuja? Nikasema mm. Nilikuwa na misumari mdomoni. Akaita tena. Nikaona mimi nimeshajibu, huyu ananisumbua. Nikanyamaza." Alitazama mikono yake. "Kwangu lilikuwa limeandikwa. Kwake hakuna kitu."

Injinia aliweka kalamu mezani. "Nilimuuliza asubuhi ile," alisema. "Nikamwambia, mama, mzee atakuja? Akasema, 'Sijui. Amenijibu au hakunijibu, pale kuna nyundo.' Akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, mzee."

"Na alitazama getini mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Lakini alitazama."

"Alitazama."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Afadhali aliambiwa kweli.

Injinia alichukua karatasi mpya, akaiweka juu ya meza ya viatu, akasukuma kopo la misumari pembeni. "Redioni alikuwa anafanyaje?" aliuliza. "Akiikuta namba daftarini?"

"Alikuwa anamwambia nesi lile jibu la kwanza. Lilelile, halibadilishi."

"Hilo kwenye karatasi yake halipo. Hakuliandika."

"Hakuliandika kwa kuwa kwake ni kama kupumua. Nani anaandika kwamba apumue?" Fundi alisita. "Na mimi sikuwahi kuuliza. Jumatano alinisomea, nikarudia, nikasema nimeelewa. Hapo hapakuwa na kitu, na mimi nilijaza mwenyewe. Nilijua atajibu. Yeye siku zote alijibu. Mashine yake ilimwangusha."

"Haijamwangusha, mzee. Imeuliza leo."

"Nyumbani alikuwa na neno lake juu ya hilo," fundi alisema. "Alinilisha miaka yote hiyo, naye hakujua kama linaingia."

"Liseme kama alivyolisema. Usipunguze."

Fundi alilisema. Injinia aliliandika neno kwa neno, akamsomea, fundi akasahihisha mahali pamoja. Kisha akaliandika tena chini yake kwa lugha ya ofisi, akamsomea na hiyo. Fundi alirudia. Walirudi nyuma mara nne mpaka jua likahama barazani.

Jumatatu Injinia alikuwa mlangoni kwa Mkuu saa mbili na nusu. Fundi alikuwa naye, amevaa lile shati jeupe. Mkuu alisomewa, akauliza mzee ameelewaje, mzee akamwambia. Mkuu alivua miwani, akaisafisha muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Akapiga muhuri.

Kifungu cha bendera ya rudio sasa kina sentensi nne. Tatu za kwanza ni zile za karatasi ya Mama Roja. Ya nne inasema kwamba mpokeaji akiikuta namba daftarini, amrudishie mtumaji jibu lilelile alilompa mwanzo. Ndivyo inavyosomeka kwenye mashine za zahanati sitini. Lakini ile karatasi ya Jumapili, yenye vumbi la chaki, iko nyumbani, imebandikwa ukutani juu ya meza ya viatu, na wateja wanaojua kusoma humsomea fundi wanaposubiri. Yeye huweka nyundo chini na kuitikia kwa sauti, mdomo hauna kitu. Imeandikwa kama mkewe alivyokuwa akimwambia:

"Kama umeshanijibu na bado unasikia naita, usininyamazie. Nijibu tena vilevile. Jibu lako limepotea njiani, na mimi bado nasubiri."